Zijaribuni roho: namna ya kulipima neno kabla hujasema "Mungu amesema nami"

Katika Marko 8 yuko kipofu wa Bethsaida ambaye Yesu alimgusa mara mbili. Baada ya mguso wa kwanza akaulizwa kama anaona kitu. Angeweza kuitikia "Ndiyo, Bwana, naona," akaenda zake na ushuhuda wake. Hakufanya hivyo. Alisema anaona watu, ila wako kama miti, nayo inatembea. Akaguswa tena, ndipo akaona yote waziwazi.

Nimeanza na mtu huyu kwa sababu makosa mengi ya kupambanua ninayoyajua, yangu yakiwa mbele, hayakutoka gizani. Yalitoka kwenye kuona nusu na kutangaza kwamba tumeona kote. Ndoto iliotwa kweli. Andiko lilichoma moyo kweli. Mtumishi alitaja kweli jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Lakini kutoka hapo hadi kufikia "Mungu ameniambia nifanye hivi" kuna mwendo mrefu, na wengi wetu tunaupitia kwa kuruka.

Chukua daftari na jambo moja unalolibeba sasa hivi: ndoto, unabii uliopewa, msukumo usiokuachia, au fundisho jipya lililokushika. Usichukue mawili. Karama ya kupambanua roho inayotajwa katika 1 Wakorintho 12:10 ipo, nami siizungumzii hapa. Nazungumzia kazi ya kila mwamini, maana agizo la "zijaribuni hizo roho" katika 1 Yohana 4:1 linaanza na neno "Wapenzi", yaani sote, si wazee wa kanisa peke yao.

Hatua ya 1: Andika ulichopokea kabla ya ulichoelewa

Gawa ukurasa sehemu tatu. Juu andika kile hasa kilichotokea: maneno yaliyosemwa, picha iliyoonekana, tarehe. Katikati andika unadhani maana yake ni nini. Chini andika unachofikiri kinatakiwa kufanywa. Iache nafasi kubwa kati ya sehemu na sehemu, utaihitaji.

Linaonekana jambo dogo. Lakini tazama yaliyompata Paulo akiwa njiani kwenda Yerusalemu. Katika Matendo 20 anawaambia wazee wa Efeso kwamba anakwenda hali amefungwa rohoni, na kwamba Roho Mtakatifu anamshuhudia mji kwa mji kuwa vifungo na dhiki vinamngoja. Akifika Tiro, katika Matendo 21:4, wanafunzi wanamwambia kwa Roho asipande kwenda. Akifika Kaisaria, nabii Agabo anatoka Uyahudi, anautwaa mshipi wa Paulo, anajifunga miguu na mikono, anasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi. Nyumba nzima inaanza kulia na kumsihi asiende. Paulo akaenda.

Ni nani aliyekosea? Agabo alisema kuna kufungwa, na kweli Paulo alifungwa. Ndugu waliokuwa wakilia walisikia neno lile lile, wakaliwekea hitimisho lao: basi usiende. Agabo hakusema usiende. Wala hata siku moja Paulo hakukana kwamba vifungo vinakuja, kwani Roho alikwisha kumwambia hayo mji kwa mji. Ufunuo ulikuwa mmoja, na mapenzi ya watu yakaongeza sentensi ya mwisho. Mwishowe wakanyamaza wakisema mapenzi ya Bwana na yatendeke.

Ndiyo maana ya zile sehemu tatu. Umeota rafiki yako yuko majini: hiyo ni sehemu ya juu. "Yuko hatarini" ni tafsiri yako. "Asisafiri wiki hii" ni hitimisho lako juu ya tafsiri yako, na hilo ndilo utakalotamani kumpigia simu kumwambia saa kumi na moja alfajiri. Kwa uzoefu wangu sehemu ya juu mara nyingi ni mistari miwili tu. Hizo nyingine hujaza ukurasa.

Hatua ya 2: Jiulize unataka jibu gani

Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Kikulacho ki nguoni mwako, na katika mambo ya kupambanua kinachokula ni shauku ambayo hujaitaja.

Katika Yeremia 42, baada ya Yerusalemu kuanguka, mabaki ya watu wakiongozwa na Yohanani mwana wa Karea wanamwendea Yeremia. Wanamwomba awaulizie Mungu njia ya kuiendea. Wanaapa: jibu likiwa jema au likiwa baya, tutatii. Ni maombi mazuri kuyasoma. Yeremia anakwenda, na baada ya siku kumi neno linakuja: kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Nao wakamjibu kwamba anasema uongo, wakaenda Misri, wakamchukua na yeye.

Ukirudi nyuma mistari michache kabla ya maombi yale utakuta kitu ambacho wasomaji wengi hupita bila kukiona. Sura ya 41 inamalizika watu hawa wakiwa wamepiga kambi karibu na Bethlehemu, nia yao ni kuingia Misri. Mizigo ilikuwa imekwisha kufungwa. Walikwenda kwa nabii kuombewa baraka za safari, wakaiita hiyo kutafuta mapenzi ya Mungu.

Mfalme Ahabu hakuficha. Katika 1 Wafalme 22 alikuwa na manabii wapatao 400 wa kumwambia apande vitani, na mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, aliyemchukia kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "hanibashirii mema, ila mabaya". Mia nne kwa mmoja. Tukihesabu kura, Mikaya ameshindwa vibaya.

Basi fanya hivi. Kwenye ukurasa mpya andika: "Ningependa Mungu aseme ___." Jaza kwa ukweli, hata kama ni aibu. Kisha andika jibu ambalo hutaki kabisa kulisikia, ulisome kwa sauti mbele za Mungu, na useme kama unaweza kulipokea. Kama huwezi, usiendelee na hatua inayofuata. Omba juu ya hilo kwanza, hata wiki nzima. Yesu katika Yohana 7:17 aliweka kupenda kuyatenda mapenzi ya Mungu mbele, kujua habari ya mafunzo kukafuata. Sisi huomba tujue kwanza, halafu tutafikiria kama tutatenda.

Kutaka jambo si dhambi, wala si ushahidi kwamba Mungu hayumo. Hana, mama yake Samweli, alitaka mtoto. Tunatafuta tu jiwe lililowekwa kwenye mizani kabla ya kupima, ili tujue uzito wake.

Hatua ya 3: Lipeleke kwenye Maandiko yote

Kila mtu anajua kwamba neno lipimwe kwa Biblia. Shida ni jinsi tunavyolipima. Tunatafuta mstari unaoafiki, tukiupata tunafunga kitabu. Shetani naye, kule juu ya kinara cha hekalu, alikuwa na mstari, tena aliunukuu kutoka Zaburi ya 91. Jibu la Yesu halikuwa kwamba Zaburi hiyo ni ya uongo. Aliweka andiko lingine kando yake, la Kumbukumbu la Torati 6:16, kwamba usimjaribu Bwana, Mungu wako. Andiko likakaa na andiko.

Watu wa Beroya katika Matendo 17:11 wanasifiwa kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: walilipokea neno kwa moyo, na wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Aliyekuwa akichunguzwa ni Paulo. Kama mtume hakuona amedharauliwa kwa kuchunguzwa, mhubiri wa leo anayekasirika ukimuuliza ametoa wapi jambo fulani amekwisha kukupa habari muhimu juu yake.

Ukilipata andiko lako, soma sura iliyo kabla na sura iliyo baada. Uliza liliambiwa nani, akiwa wapi, na alitakiwa kufanya nini. Chukua Yeremia 29:11, mstari wa mawazo ya amani na tumaini la mwisho, ambao wengi wetu tumeukumbatia siku za kusubiri jambo. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 10 unasema miaka 70. Mistari ya 5 na 6 inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wazae, maana hawarudi karibuni.

Na sura iliyotangulia, ya 28, inaeleza ni nani aliyekuwa akiwapa watu neno tofauti. Hanania mwana wa Azuri alisimama hekaluni mbele ya makuhani akasema kwa jina la Bwana kwamba baada ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi na mateka watarudi. Akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Miaka miwili dhidi ya 70: wewe ungependa yupi awe sahihi? Yeremia mwenyewe aliitikia Amina, Bwana na afanye hivyo, akatoa tahadhari juu ya manabii wa amani, kisha akaenda zake. Hakubishana. Jibu lilimjia baadaye, na Hanania akafa mwaka ule ule, mwezi wa saba. Mtu akinipa tumaini la miaka miwili siku hizi, narudi kusoma sura hizi mbili kwa pamoja.

Jambo moja zaidi kabla ya kuiacha hatua hii. Mengi tunayoyaombea ishara hayahitaji ishara. Usifunge na kuomba ujue kama umsamehe ndugu yako au umlipe mtu deni lake. Hayo yalikwisha kusemwa. Na upande wa pili, kuna mambo ambayo Maandiko yameyaacha mikononi mwako. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 7:39 kwamba mjane yuko huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu. Hakumwambia asubiri ndoto. Nimeona watu wazima wakiganda miaka mingi mbele ya milango miwili iliyo halali, wakingoja sauti, wakati Mungu amewapa akili, washauri na uhuru.

Hatua ya 4: Mtazame anayelileta

Kama jambo lako halikuja kupitia mtu, ruka hapa uende hatua ya 5.

Swali la kwanza la Yohana ni juu ya Kristo: roho inayomkiri Yesu Kristo kwamba amekuja katika mwili yatokana na Mungu. Walikuwapo waliomtaka Kristo asiye na mwili, asiyeteseka kweli. Leo kipimo hicho bado kinakata: fundisho hili linamweka wapi Yesu na msalaba wake? Anabaki kuwa Bwana, au amekuwa mlango wa kupita ili tufike kwa mtumishi mwenye siri?

Usiulize kwanza kama alilosema lilitimia. Swali hilo linakuja, ila si la kwanza. Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema neno lisipotimia, Bwana hakulinena. Lakini sura ya 13 ya kitabu hicho hicho inakubali kwamba ishara ya mtu inaweza kutokea kweli na bado asisikilizwe, kama anawavuta watu kwa miungu mingine. Yule kijakazi wa Filipi katika Matendo 16 alikuwa akimfuata Paulo akipiga kelele kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu, wenye kuhubiri njia ya wokovu. Hakuna neno la uongo hapo. Hata hivyo alikuwa na pepo wa uaguzi, na bwana zake walikuwa wakipata faida nyingi kwake. Paulo alisumbuka siku nyingi kabla ya kumkemea yule pepo. Kwa hiyo "alijua mpaka jina la mama yangu" inaonyesha kwamba mtu amejua kitu. Alikijua kutoka wapi bado hujui.

Kisha pesa. Kanisa la mwanzo halikuona haya kulisema. Katika mafundisho ya kale yaitwayo Didake, ambayo wataalamu wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, kuna kanuni za kumpokea mtume na nabii anayesafiri. Akae siku moja, au ya pili kukiwa na haja; akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa njiani tu. Akisema katika roho, nipeni fedha, asisikilizwe. Ila akiwaombea wengine walio wahitaji, asihukumiwe. Haya yaliandikwa na watu waliokuwa wakimwamini Roho Mtakatifu na kuwapokea manabii, ndiyo sababu nayapa uzito.

Nikisikia mtu anachanganya haraka na siri ("fanya leo, usimwambie mtu"), nasimama. Nikisikia laana kwa asiyetii, nasimama. Akiwatenga wasikilizaji na ndugu zao, nasimama. Na ukiambiwa uache dawa ulizoandikiwa na daktari ili uthibitishe imani, hapo huhitaji hatua nyingine. Endelea na dawa na uondoke. Vivyo hivyo sauti inayokuamuru kujidhuru au kumdhuru mwingine: mwambie mtu unayemwamini na umwone daktari siku hiyo hiyo, hata kama sauti inajiita ya Mungu.

Vipi kama anayelileta ni mtu mwema kabisa, mzee mwenye historia nzuri? Soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda ameagizwa asile, asinywe, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Mfalme Yeroboamu anamkaribisha, anakataa bila kusita. Kisha nabii mzee wa Betheli anamfuata, anasema, mimi nami ni nabii kama wewe, na malaika amesema nami. Alimdanganya. Yule aliyemshinda mfalme akaanguka mbele ya mzee mwenye nywele nyeupe na malaika wa kubuni, na simba akamwua njiani. Lile ambalo Mungu amekwisha kukuambia waziwazi halifutwi na mtu mwenye malaika mkubwa kuliko wako. Paulo alilisema kwa ukali zaidi katika Wagalatia 1:8.

Hatua ya 5: Sikiliza moyo, lakini sikiliza mpaka mwisho

"Nina amani nalo." Sentensi hii imefunga mijadala mingi. Yona alikuwa na amani: alikuwa anamkimbia Mungu na akalala fofofo katika tumbo la merikebu huku mabaharia wakitupa shehena. Yesu katika bustani ya Gethsemane, akiwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, hakulala. Jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Ukipima kwa utulivu wa moyo peke yake, siku hiyo Yona anashinda.

Hata hivyo moyo una habari. Ignasi wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521, alilala kitandani miezi kadhaa akiwaza mambo mawili kwa zamu. Akiwaza ushujaa wa kivita na bibi mtukufu aliyetaka kumfurahisha, alifurahi sana. Akiwaza kuishi kama watakatifu aliosoma habari zao, alifurahi pia. Wakati wa kuwaza hakukuwa na tofauti. Tofauti ilikuja baadaye: mawazo ya kwanza yalimwacha mkavu na asiyeridhika, ya pili yalimwacha na furaha iliyokaa. Sihitaji kuwa Mkatoliki kama yeye ili nione kwamba alikuwa amegundua kitu.

Kwa hiyo usiandike ulivyojisikia ukumbini wakati vinanda vikilia. Andika ulivyojisikia keshoye jioni, ukiwa peke yako, umechoka. Rudia kwa siku saba. Halafu weka kando yake orodha ya Yakobo 3:17 juu ya hekima itokayo juu: safi, ya amani, ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu, imejaa rehema na matunda mema, haina fitina, haina unafiki. Je, tangu jambo hili likushike umekuwa mpole zaidi nyumbani, au umekuwa mkali kwa kila anayeuliza? Mwenzi wako anaweza kujibu hili kwa usahihi kuliko wewe.

Ignasi pia aliacha kanuni ambayo imenisaidia kuliko nyingine: ukiwa katika ukavu na huzuni ya roho, usibadili uamuzi ulioufanya ukiwa na nuru. Ngoja mvua ipite.

Hatua ya 6: Mpe mtu mwingine alipime

Katika 1 Wakorintho 14:29 manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Hakuna nabii aliyeachwa ajipime mwenyewe.

Chagua watu wawili. Mmoja awe amewahi kukukatalia jambo na mkabaki marafiki. Usimchague aliye na faida katika uamuzi wako. Onyesha kurasa zote, pamoja na ile ya aibu ya hatua ya 2. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ushauri uliojengwa juu ya nusu ya habari ni bure. Ukimweleza mshauri ndoto ukaficha kwamba umegombana na mwajiri wako wiki hiyo, atakupa jibu la mtu mwingine. Usianze na "Mungu ameniambia", maana umekwisha kumfunga mdomo. Nani atabishana na Mungu? Anza na "Naomba unisaidie kulipima hili."

Hatua ya 7: Acha siku zipite

Hii ni fupi. Wagibeoni walipomjia Yoshua wakijifanya wametoka nchi ya mbali, na mikate mikavu na viatu vilivyoraruka, watu wa Israeli walitwaa katika vyakula vyao, wala hawakutaka shauri kinywani mwa Bwana. Wakafanya agano. Siku tatu baadaye wakajua ni majirani. Siku tatu tu. Kama jambo lako halina sababu ya kweli ya kuamuliwa leo, liweke. Lile litokalo kwa Mungu halichachi kwa kuwekwa.

Wakati ukisubiri, fanya mazoezi kwa mambo madogo. Waebrania 5:14 inasema akili za watu wazima zimepata mazoezi ya kupambanua kwa kutumiwa. Andika misukumo midogo ya siku, wa kumjulia mtu hali, wa kunyamaza kwenye mabishano, na baada ya mwezi soma ipi ilitoka wapi. Utaanza kuijua sauti yako mwenyewe, ambayo, nakuonya, inaongea Kiswahili cha kanisani vizuri sana.

Hatua ya 8: Sema kwa kipimo, na ukikosea urudi

Ukifika hapa na jambo bado limesimama, litende, au liseme. Liseme kwa kiasi ulichoona. "Naona hivi, naomba ulipime" inatosha. Kama unaona watu kama miti, sema unaona miti.

Mimi sikusema hivyo. Rafiki yangu alikuwa na nafasi mbili za kazi, moja imekubaliwa, nyingine bado anasubiri jibu. Niliota ameketi kwenye meza mpya. Nikamwambia Bwana amenionyesha, asubiri ile ya pili. Akaiacha ya kwanza. Ya pili haikuja. Meza niliiona kweli. "Asubiri" niliiongeza mimi, kwa sababu nilimpenda na ile ya pili ilikuwa na mshahara mkubwa. Baada ya hapo nilianza kupita njia nyingine nikimwona mbali.

Nathani alipoulizwa na Daudi juu ya kujenga hekalu, alijibu papo hapo: fanya yote yaliyo moyoni mwako, Bwana yu pamoja nawe. Alikuwa nabii wa kweli, na Daudi alikuwa mfalme mzuri mwenye wazo zuri. Usiku ule ule Mungu akamrekebisha, na katika 2 Samweli 7:17 Nathani amekwisha kurudi kwa mfalme na kumweleza yote kama alivyoambiwa. Hakusema watu walimwelewa vibaya. Hakusema Daudi alikosa imani.

Nathani ilimchukua usiku mmoja. Mimi ilinichukua miezi minane kwenda kwa rafiki yangu na kumwambia: "Nilisema Bwana amesema, na sikuwa na haki ya kusema hivyo. Niliota meza. Mengine yalikuwa yangu. Nisamehe, na kama kuna ninachoweza kufanya kukusaidia kutafuta kazi, niko tayari." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza meza ilikuwa ya rangi gani.